Hadithi za bure, mtaala wa KICD na bando langu: uzoefu wa mwalimu wa PP1, Kisauni

Nafundisha PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, huku Kisauni, Mombasa, na karibu watoto wangu wote lugha ya nyumbani ni Kiswahili. Kwa muda sasa nimekuwa nikipakua na kujaribu darasani kila kitu cha bure nilichosikia kinawafaa walimu wa chekechea, cha hapa Kenya na cha ng'ambo. Tukikutana kwenye semina wenzangu huniuliza: kipi kinafaa na kipi kinakula bando tu? Mimi kipimo changu ni kimoja. Nikiweza kukichapisha, nikiweza kukibadilisha, na nikiweza kukiacha mikononi mwa mtoto, basi kinafaa. Kwa kipimo hicho African Storybook, tovuti ya hadithi za bure za watoto, ndiyo ya kwanza kwangu na sijaona kinachoikaribia. Lakini haifanyi kazi peke yake, kwa hivyo wacha nianze pale ninapoanzia kila muhula.

Mitaala ya PP1 na PP2 iko kwenye tovuti ya Taasisi ya Kukuza Mitaala, yaani KICD, na inapakuliwa bure. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu bado kuna walimu wanaouziwa faili hiyo hiyo kwenye makundi ya WhatsApp. Usimtumie mtu M-Pesa kwa kitu ambacho serikali imekupa. Ndani yake kila mada imegawanywa katika mada ndogo, na kila mada ndogo ina matokeo yanayotarajiwa, shughuli zilizopendekezwa na swali dadisi. Nikikaa Jumapili kuandika azimio la kazi, huo ndio uti wa mgongo. Sibahatishi, na sifundishi jambo la gredi ya kwanza kwa mtoto wa miaka minne ati kwa sababu jirani anafanya hivyo.

Kinachonipa nguvu zaidi ni kwamba mtaala wenyewe unataka mtoto wa chekechea afundishwe kwa lugha ya eneo anakoishi. Wazo hili si geni, kamati ya elimu ya Gachathi ililipendekeza tangu mwaka 1976. Kwetu Mombasa lugha hiyo ni Kiswahili. Hata hivyo pita shule nyingi za kulipia mitaani uone watoto wanavyokaririshwa sentensi za Kiingereza wasizozielewa, kwa kuwa mzazi anataka kusikia mwanawe "anaongea". Mzazi akinijia na lalamiko hilo, simbishii. Namfungulia ukurasa wa mtaala unaosema hivyo kwenye simu, namsomea, kisha namwita mtoto wake atusimulie kitabu tulichosoma asubuhi. Mama anaposikia mwanawe anasimulia kisa kutoka mwanzo mpaka mwisho, mazungumzo hubadilika.

Lakini mtaala unakuambia watoto wasikilize hadithi, haukupi hadithi. Hapo ndipo walimu wengi hukwama, wakaishia na ile ile ya sungura na fisi mwaka mzima.

African Storybook ni mradi wa Saide, shirika la Afrika Kusini, na tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuujaribu. Hadithi zimo katika lugha zaidi ya 200 za Afrika na Kiswahili kimejaa tele. Unatafuta kwa lugha na kwa kiwango, na viwango viko vitano, kuanzia vitabu vyenye neno moja moja kila ukurasa hadi hadithi ndefu za mwalimu kuwasomea watoto. Leseni yake ni ya Creative Commons: pakua, chapisha, badilisha, gawa, bora uwataje walioandika na waliochora. Kuna pia programu ya simu ya kusomea, na hadithi ukishaipakua haihitaji tena intaneti. Mimi hupakua nikiwa kwa dada yangu mwenye waifai, nikaingia darasani nikiwa tayari.

Simu haiwatoshi watoto waliokaa kwenye mkeka, kwa hivyo hadithi naigeuza iwe kitabu kikubwa. Nachapisha picha kwa rangi nyeusi kwenye saiba, duka la kompyuta, ya pale Kongowea, shilingi 10 ukurasa. Kila picha naibandika juu ya nusu ya karatasi ya manila, na chini yake naandika maneno kwa kalamu nene, herufi kubwa kiasi cha kidole gumba changu, ili aliyekaa nyuma aone. Kando zote nazifunga kwa selotepu pana, maana vidole vya watoto baada ya uji havina huruma na karatasi. Natoboa matundu, natia uzi wa katani, kitabu kinaning'inia ukutani kwenye msumari wa chini, watoto wakifikie wenyewe.

Kusoma kwenyewe si kusoma tu. Nafunika ukurasa kwa mkono na kuuliza, mwadhani sasa kutatokea nini? Wataalamu wana jina la usomaji huu wa maswali na majibu. Grover Whitehurst na wenzake waliandika kuuhusu kule Marekani mwaka 1988, na walionyesha kuwa mtoto anayeulizwa na kujibu wakati wa kusomewa hukua haraka katika lugha kuliko anayesikiliza tu. Mimi nimeuona kwa macho yangu. Siku moja tulikuwa kwenye picha ya mama aliyebeba kuni kichwani. Nikauliza, huyu anakwenda wapi?

"Anakwenda kupika mahamri, ticha."

"Mahamri hayapikwi na kuni! Mamangu apika na jiko la makaa."

"Bibi yangu apika na kuni, akiwa Kwale!"

Hapo ikazuka hoja, na katikati ya hoja hiyo akasema mtoto mmoja wa kike ambaye tangu muhula kuanza alikuwa akinijibu kwa kutikisa kichwa tu. Akasema mamake anauza mahamri kwa mbaazi asubuhi, na yeye ndiye anayehesabu ya kutia kwenye karatasi. Nilifunga kitabu tukahesabu mahamri ya kuwaziwa. Somo la dakika 30 likapita juu ya ukurasa mmoja, na sikujuta hata kidogo.

Sasa kile kitu ambacho kwangu kinaifanya African Storybook kuwa ya kwanza: ruhusa ya kubadilisha. Hadithi nyingi ni za bara, zina mito, ng'ombe na vilima. Ni nzuri, watoto wanapaswa kuijua nchi yao. Ila mtoto wa hapa naye anataka kujiona. Kwenye tovuti ile ile kuna mahali pa kutunga, kwa hivyo nilitunga yetu, ya kuvuka feri. Inakwenda hivi:

Feri imejaa watu.
Nimeshika kanzu ya baba.
Mbele maji, nyuma maji.
Bado tuko majini.

Kila kurasa mbili sentensi ya "Bado tuko majini" inarudi, mpaka ukurasa wa mwisho tunapoteremka Likoni. Marudio hayo nimeyaweka kwa makusudi. Mtoto ambaye hajui herufi hata moja huishika sentensi hiyo kichwani, na ukurasa ukifika huinuka akaisoma akipitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo anakuwa ameshajua kwamba maneno ndiyo yanayosomwa na si picha, kwamba yana mwelekeo, na kwamba kati ya neno na neno pana nafasi. Baadaye tunapigia makofi silabi za kila neno: fe-ri, ma-ji, ba-ba. Kiswahili husomwa kinavyoandikwa na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hivyo mtoto aliyezoea kupiga makofi ya silabi huwa ameshafika nusu ya safari kabla hajashika penseli.

Jambo moja la kuangalia. Kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuandika na kutafsiri pale, Kiswahili cha hadithi hakifanani. Nyingine zinateleza, nyingine unahisi mtafsiri alikuwa anapanda mlima. Soma hadithi yote kwa sauti ukiwa peke yako jikoni kabla ya kuwapelekea watoto. Sentensi ikikukwama mdomoni, irekebishe. Leseni inakuruhusu.

Ndugu wa karibu wa African Storybook ni StoryWeaver ya Pratham Books, India, iliyoanza mwaka 2015. Viwango vyake ni vinne, leseni nayo ni huria, na michoro yake, kusema kweli, ndiyo mizuri kuliko yote niliyoona kwenye vitu vya bure. Hadithi za Kiswahili zipo pia. Nilidhani watoto wataona mambo ya India ni mageni. Hapana! Walipoona tu ile gari ya magurudumu matatu darasa zima lilipiga kelele "tuktuk!", na kila mmoja akawa na habari ya tuktuk aliyopanda, dereva alivyokata kona, na nani alitapika. Kwa mtoto wa Mombasa, mtaa wa mji wa India si mbali sana. Naitumia kila nikichoka na picha za kuchapisha bila rangi, maana michoro yake inastahili kulipiwa chapa ya rangi.

Khan Academy Kids, programu ya simu ya michezo ya kujifunza, nimeipa nafasi ya haki. Ni bure kabisa, haina matangazo, na imelenga watoto wa miaka miwili hadi minane. Lakini imejengwa juu ya Kiingereza, na mimi nina simu moja na darasa zima. Zaidi ya hapo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Watoto wangu hiyo saa wameshaimaliza nyumbani na simu ya mama. Shuleni nawataka mchangani. Kwa hivyo naifungua mwenyewe jioni, naangalia mchezo wa kupanga maumbo ulivyopangwa, halafu naufanya kesho kwa vitu halisi.

Ubongo ya Dar es Salaam, shirika la vipindi vya watoto, ni kitu kingine. Kipindi chao cha wadogo, Akili and Me, kiko kwa Kiswahili, na kina nyimbo za namba, herufi na hisia. (Usikichanganye na Akili Kids, hiyo ni runinga ya hapa Kenya.) Mimi situmii video, natumia sauti tu, kwa spika ndogo, wakati wa kunawa mikono na wa kukusanya vitu vya kuchezea. Watoto wakisikia wimbo, miguu inajua la kufanya.

Upande wa hesabu sikupata mtandaoni kitu kinachoshinda kilichozaliwa hapa hapa Mombasa. Mpango wa Madrasa, mpango wa chekechea ulio chini ya Wakfu wa Aga Khan, ulianzia mji huu mwaka 1986 na Bi Swafiya Said, kisha ukaenda Zanzibar na Uganda. Mwalimu aliyenishika mkono katika kazi hii alipitia kwao, na alichonifundisha ni hiki: tengeneza kona, jaza vitu vya mazingira, mwache mtoto ashike. Leo kona yangu ya hesabu ina vifuu vya nazi, kokwa za mabuyu zilizooshwa na vifuniko vya soda. Mtaala unasema mtoto aweze kupanga vitu kwa rangi, ukubwa na umbo. Basi vifuniko kwa rangi, vifuu kwa ukubwa, kokwa wanahesabia. Gharama yake ni kumwomba muuza mabuyu asitupe. Inaniuma kuona walimu wachanga wa mji huu huu wakitafuta mbali elimu ambayo walimu wa kwetu waliijenga wenyewe na nchi nyingine zikaja kuichukua.

Kuna tovuti moja ya ng'ambo ya kulipia kila mwezi ambayo siipendekezi. Inataka kadi ya benki, na kilicho ndani ni karatasi za kufuatisha nukta: tufaha, mtu wa theluji, jani la vuli. Mtoto wa miaka minne hahitaji nukta za mtu wa theluji. Anahitaji kuzungumza, kushika na kuchora chake.

Ukitaka kuanza, chukua hadithi moja ya kiwango cha kwanza kwenye African Storybook, ya Kiswahili, yenye kurasa chache. Ipakue mahali penye waifai. Chapa, manila, selotepu na uzi havikufikishi shilingi 300, na kitabu hudumu muhula mzima hata kikishikwa kila siku. Waonyeshe wazazi siku ya mkutano, waulize nani anajua kuchora. Kwangu alijitokeza baba mmoja anayeandika maandishi kwenye matatu, na ndiye sasa anayetuchorea feri.