Olimpiki ya Paris 2024 kwenye runinga: uwanjani wamepatia, mtoni wametupoteza

Kila Olimpiki ikipita lawama za watazamaji huwa zilezile: wa kwetu hakuonyeshwa, mbio zimekatwa, matangazo ya biashara yamezidi, mtangazaji hajui majina. Nyingi ni za haki, ila hupelekwa mlango usio wake. Kituo unachokitazama nyumbani kwa kawaida hakina kamera uwanjani. Picha zinatengenezwa na OBS, chombo cha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kilichoundwa mwaka 2001, chenye makao yake Madrid. Paris pekee kilizalisha zaidi ya saa 11,000 za vipindi kwa kamera zaidi ya 1,000. Vituo vichache vikubwa, kama NBC ya Marekani, huongeza kamera zao. Vingine vyote hupokea picha hiyohiyo, kisha vinaamua mambo matatu: mchezo upi urushwe, nani auzungumzie, na tangazo la biashara likae wapi.

Kwa hiyo ukiona kamera imemwacha Mkenya aliye nafasi ya nne, huyo ni muongozaji wa OBS. Ukiona tangazo la sabuni mzunguko wa 22 wa mita 10,000, hapo ndipo uwapigie simu wa kituo chako.

Tuanze na mtoni, maana ndiko kulikozua kelele nyingi. Sherehe ya ufunguzi ya Julai 26 ilianza saa mbili na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ikaenda karibu saa nne. Thomas Jolly, aliyekuwa mkurugenzi wa kisanii, aliliondoa gwaride la wanamichezo uwanjani na kulipandisha kwenye maboti 85 juu ya mto Seine, kilomita 6 kutoka daraja la Austerlitz hadi Trocadéro. Kama wazo, halina mfano. Kama kipindi cha runinga, lilikuwa na kasoro tangu kwenye karatasi.

Uwanjani kila nchi huingia kwa lango moja. Kamera inasubiri palepale: bendera, sura ya mshika bendera, jina la nchi chini ya skrini, halafu nchi inayofuata. Hata timu ya watu watatu hupata sekunde zake kamili, na kwa wengi wao hizo ndizo sekunde pekee ambazo dunia nzima itawatazama. Mtoni boti ni pana, liko mbali na ukingo, na timu ndogo zinachangia boti moja. Katikati ya hapo muongozaji anahamia kwa mchezaji ngoma juu ya paa, akirudi maboti mawili yameshapita. Kenya, iliyoongozwa na Ferdinand Omanyala na Triza Atuka wa voliboli, angalau ni timu kubwa, unaiona. Tanzania ilikuwa na wanamichezo 7 tu: ukikohoa umewakosa. Wanamichezo wa nchi ndogo ndio waliolipia gharama ya wazo hili, na hilo ni kosa zito kuliko lolote lililosemwa kuhusu mavazi au dansi.

Mvua ikazidisha. OBS iliweka simu za Samsung zaidi ya 200 kwenye maboti ili tuwaone wanamichezo kwa karibu kupitia mtandao wa 5G. Wazo zuri, na kabla lenzi hazijalowa tulipata sura za furaha ambazo kamera ya ukingoni isingezifikia. Lakini simu iliyofungwa kwenye nguzo haina mtu wa kuifuta. Tone likishatua kwenye lenzi ndogo kama ile linafunika robo ya picha, na linakaa hapo mpaka likauke lenyewe. Ndiyo maana picha za kutoka botini zilizidi kuwa na ukungu kadiri usiku ulivyosonga.

Lililowaudhi watazamaji makini zaidi ni kuchanganya picha zilizorekodiwa na za moja kwa moja bila kuambiwa. Mbeba mwenge aliyefunika uso alikuwa akiruka mapaa kwenye vipande vilivyorekodiwa, halafu unarudishwa mtoni ambako watu wameloa chapachapa. Kipande cha Lady Gaga nacho kilirekodiwa mapema kwa sababu ya mvua. Kurekodi kwa ajili ya usalama si dhambi. Maandishi madogo pembeni ya skrini yangetosha.

Makosa mengine yalikuwa ya kizembe. Korea Kusini ilitangazwa kwa jina la Korea Kaskazini, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na Kamati ya Olimpiki ikaomba radhi. Bendera ya Olimpiki ilipandishwa Trocadéro ikiwa juu chini. Kuhusu onyesho la karamu, ambalo Wakristo wengi waliliona kama dhihaka kwa Karamu ya Mwisho ya Yesu, waandaaji pia waliomba radhi. Hapo watangazaji wengi walinyamaza au walibabaika, wakati kazi yao ilikuwa kueleza mara moja kinachokusudiwa na kumwachia mtazamaji aamue.

Pamoja na hayo, nusu saa ya mwisho ni kazi ya daraja la juu. Taa za mnara wa Eiffel, kisha Wafaransa Teddy Riner wa judo na Marie-José Pérec wa riadha wanawasha moto, puto linapaa na moto wake kutoka bustani ya Tuileries, na Céline Dion anaimba akiwa mnarani, huku dunia ikijua anaishi na ugonjwa wa kukakamaa misuli. Hapo muongozaji aliacha kurukaruka. Kitu kimoja kwa wakati, kamera imetulia, sauti imeachwa ipumue. Ukitaka kuangalia marudio bila kupoteza usiku mzima, anza hapo.

Sasa riadha, na hapa sifa zao wapewe. Njia ya Stade de France ilikuwa ya zambarau, na si urembo tu: ngozi, jezi na mistari meupe vilijitenga vizuri na sakafu hata kwenye televisheni ya bei nafuu, tofauti na ule wekundu wa kawaida unaomeza jezi nyekundu. Na baada ya viti vitupu vya Olimpiki iliyopita ya Tokyo, makelele ya uwanja uliojaa yalirudisha nusu ya utamu.

Chukua fainali ya mita 100 wanaume, Agosti 4. Noah Lyles wa Marekani alikuwa njia ya 7, Kishane Thompson wa Jamaika njia ya 4. Watu wengi waliapa kwamba Thompson kashinda, na walikuwa na sababu. Kamera kuu ya runinga haikai sawasawa na mstari wa mwisho. Ikikaa pembeni hata kidogo, mtu wa njia moja ataonekana mbele ya mwenzake ingawa wako sambamba. Jambo la pili, mguu wa Thompson ulivuka kwanza, lakini mguu hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili, bila kichwa, shingo, mikono wala miguu.

Picha iliyoamua ilitoka kwenye kamera ya Omega, kampuni inayopima muda wa Olimpiki, inayopiga hadi picha 40,000 kwa sekunde, na yenyewe haitazami uwanja. Inatazama uzi mwembamba wa mstari wa mwisho tu, inaurekodi tena na tena, kisha vipande vinapangwa ubavu kwa ubavu. Ndiyo maana nyuma ya wakimbiaji pote ni peupe na miguu huonekana imepinda: kila mstari wa picha ile ni muda tofauti. Lyles 9.784, Thompson 9.789, wote wakiandikiwa 9.79. Wakimbiaji wote wanane walimaliza chini ya 9.92. OBS ilisubiri jibu huku kamera ikiwa kwenye nyuso zao badala ya kukimbilia marudio, na uamuzi huo ndio uliofanya usubirifu ule kuwa sehemu ya mchezo.

Vituo vilipoanguka ni kesho yake, Agosti 5, mita 5,000 wanawake. Beatrice Chebet alishinda kwa 14:28.56, Faith Kipyegon wa pili, Sifan Hassan wa tatu. Baadaye Kipyegon akaondolewa kwa kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia, Nadia Battocletti wa Italia akapanda hadi shaba. Kenya ikakata rufaa, na usiku uleule fedha ikarudi kwa Kipyegon. Mtazamaji aliyezima televisheni baada ya mbio alilala akijua jambo moja, aliyebaki na simu alilia kisha akacheka. Picha ya kimataifa ilikuwa imeshahamia kwa Armand Duplantis wa Sweden, aliyeruka kwa upondo mita 6.25 na kuvunja rekodi ya dunia, na hilo halilaumiki. Linalolaumika ni vituo kutokuweka hata mstari mmoja wa maandishi chini ya skrini. Kanuni inatoa dakika 30 baada ya matokeo kutangazwa rasmi ili mtu aweke pingamizi. Kwa hiyo mbio zikiwa na msukumano, usisherehekee wala usiomboleze kabla nusu saa haijapita.

Tatizo jingine sugu ni michezo ya kuruka na kurusha. OBS hutoa picha ya jumla inayochanganya kila kitu, na pia picha tofauti kwa mbio, kwa mruko na kwa mtupo. Kituo chenye chaneli moja huchukua ile ya jumla, na humo mkuki huonekana baada ya kutua. Agosti 8 Letsile Tebogo aliipa Botswana dhahabu yake ya kwanza kwa 19.46 ya mita 200, na usiku huohuo Arshad Nadeem wa Pakistan alirusha mkuki mita 92.97 kwenye raundi ya pili. Aliyekuwa na picha ya jumla aliona mtupo ule kama habari. Mwenye king'amuzi cha kulipia, kama wa SuperSport huku kwetu au beIN kwa walioko Oman na nchi za Ghuba, atafute chaneli ya mchezo husika kabla jioni haijaanza. Walioko Uingereza wajue kuwa BBC ilikuwa na ruhusa ya kuonyesha mambo mawili tu kwa wakati mmoja, picha kamili zilikuwa kwa Discovery.

Marathoni ndiyo inayomtesa zaidi Mtanzania. Pikipiki za kamera hukaa na kundi la mbele, na njia ya kwenda Versailles na kurudi, yenye jumla ya mita 436 za kupanda, iliwasambaza watu mapema. Aliyetoka kundi la mbele ametoka kwenye runinga. Eliud Kipchoge alijiondoa baada ya kilomita 30, na muda mrefu kabla ya hapo watazamaji walikuwa wakiulizana yuko wapi. Mtanzania Alphonce Simbu alimaliza wa 17, hakuna kamera iliyomfuata. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia hapo Tokyo kwa muda uleule na Amanal Petros wa Ujerumani, 2:09:48, picha ya mwisho ikitenganisha kifua na kifua. Dawa ni kufungua ukurasa wa matokeo wa mashindano kwenye simu na kufuata muda wa kila kilomita 5. Runinga ikupe wa mbele, simu ikupe wa kwako.

Kuhusu watangazaji, wengi hukaa studio na kutazama skrini ileile unayotazama wewe. Hivyo kumweleza mtazamaji kwamba "sasa wanakata kona" ni maneno ya bure. Mzuri ana karatasi mbele yake: muda bora wa kila mkimbiaji, nani alikimbia juzi na miguu imechoka, mzunguko huu ni wa sekunde ngapi. Fainali ya mita 800 wanaume, ambapo Emmanuel Wanyonyi alimshinda Marco Arop kwa 1:41.19 dhidi ya 1:41.20, haikuhitaji mayowe. Ilihitaji mtu wa kutaja muda wa mita 400 mapema na kusema kwamba kwa kasi hii wanne wanaweza kushuka chini ya 1:42. Wakashuka wote wanne.

Upande wa nyumbani, kuna mambo unayoweza kurekebisha mwenyewe. Ukiona miguu ya wakimbiaji ina kivuli kama mzimu nyuma yake, ni televisheni yako, wala si Paris: ingia kwenye menyu ya picha uzime kipengele cha kulainisha mwendo. Ukitazama kwa intaneti, mara nyingi utakuwa nyuma ya dishi kwa sekunde 20 hadi 60, kwa hiyo zima arifa za simu na uliache kundi la WhatsApp mpaka mbio ziishe. Ubora wa juu hula bando la GB 2 hadi 3 kwa saa. Punguza ubora kwenye kipindi cha studio, upandishe mbio zinapoanza.

Los Angeles 2028, Julai 14 hadi 30, itakuwa kazi nyingine. Paris ilikuwa nyuma yetu kwa saa moja tu. Los Angeles itakuwa nyuma kwa saa kumi, na fainali ya saa kumi na mbili jioni huko ni saa kumi alfajiri kwetu. Riadha safari hii itakuwa wiki ya kwanza, kuogelea mwishoni. Mwenye king'amuzi kinachorekodi aweke kirekodi usiku, na aongeze saa moja baada ya muda wa ratiba, ili rufaa nayo iingie.