Pikapu mpya au ya zamani kwa barabara za Goma, mashariki mwa Kongo?
Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli iitwayo 5L (ni jina tu, si lita tano) hupanda mlima polepole, lakini haihitaji kompyuta: ikivuta hewa, unakaza mpira wa mafuta, unapiga pampu ya mkono juu ya filta, na safari inaendelea. Mpya ya lita 2.4 ina turbo; kupanda milima ya Masisi na mzigo wa viazi inaishinda kabisa ile ya zamani. Adui yake ni maji. Mazutu (dizeli) ya madumu yakiwa na maji, nozeli huharibika, na bila mashine ya kusoma hitilafu fundi anabahatisha. Taa ya filta ikiwaka, zima injini, legeza skrubu ya chini ya filta, mwaga maji mpaka yatoke mazutu matupu. Matairi? Mawe ya lava hayachagui mpya wala ya zamani. Unajaza kituoni, fundi mwenye mashine yuko karibu: chukua mpya. Unalala Walikale, mbali na mji: baki na ya zamani.