Vijitabu vya misa ya kumbukumbu ya Bibi: tathmini ya kazi ya mchapaji

Kwa ajili ya misa ya kutimiza mwaka mmoja tangu Bibi afariki, tulimpa mchapaji mmoja wa hapa Moshi kazi ya kutengeneza vijitabu 150 vya kurasa 16, vyenye utaratibu wa misa, nyimbo na wasifu wa mama aliyelea watoto saba na wajukuu wengi, huku akiamka kabla ya jogoo ili asikose misa ya alfajiri. Karatasi ni nzito, na maandishi ni makubwa kiasi kwamba wazee wenzake wa jumuiya walisoma bila miwani, jambo ambalo kwangu linazidi urembo wowote. Picha ya jalada, aliyopigwa akiwa katika sare ya WAWATA (umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania) na rozari mkononi, ilitoka na giza mno katika nakala ya majaribio. Mchapaji aliirekebisha bila kudai nyongeza, ingawa ilibidi tumfuate mara mbili. Kosa lililobaki bado linaniudhi: baada ya “Raha ya milele umpe, ee Bwana”, kiitikio kiliachwa. Bibi, aliyeongoza rozari katika kila msiba wa mtaani kwetu, asingelinyamazia. Nitampa kazi tena, ila rasimu nitaisoma mwenyewe, kalamu mkononi.