Maji nawapa nyota nne, ila ile meseji ya "utasitishiwa huduma" hapana

Niseme mapema, maji yenyewe hayana shida. Yanatoka, presha ipo, hayana ile rangi ya chai ya kisima cha kule nilikokuwa nakaa zamani, na bei ukiiweka pembeni ya bei ya madumu huwezi hata kulalamika. Uniti 1 ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, sasa angalia mtaani kwenu ndoo wanauza shingapi halafu zidisha mwenyewe. Kwahiyo kwenye maji nyota nne bila kubania. Rivyu hii ni ya kitu kingine ambacho wengi hatukihesabu kama huduma wakati ndo sehemu pekee mamlaka ya maji inaongea na wewe: ile meseji, na ile karatasi, ya kukwambia usipolipa unakatiwa. Jina lao sitaji, ambao ni wateja wao watawajua kwa mwandiko.

Meseji inakuja hivi: "Ndugu mteja, unakumbushwa kulipa deni lako la maji Tsh 106,200.00 ndani ya siku 7 kuepuka usumbufu wa kusitishiwa huduma." Imeisha hiyo. Siku 7 kuanzia lini, haisemi. Deni la mwezi gani, haisemi. Nikiona bili siyo yangu nampigia nani, kimya. Na kurudishiwa maji ni shilingi ngapi ndo kabisaa, hiyo utaikuta kwenye bili ya mwezi unaofuata imekaa kwenye mstari wake imetulia. Kontroo namba, ile ya kulipia bili, nayo haimo humo, inakuja kwenye meseji nyingine ambayo labda ilikuja wiki mbili nyuma na ushaifuta pamoja na matangazo ya mikopo ya simu.

Halafu hiyo meseji hata siyo mimi naipata. Mita imesajiliwa kwa namba ya mama mwenye nyumba, na yeye yuko Tanga huko anakula upepo wake wa bahari, kwahiyo mamlaka inamkumbusha mtu ambaye hajafungua hilo bomba miaka. Anachofanya mama wa watu ni kuisukuma kwenye grupu letu la wapangaji na voisi noti juu yake, "wanangu shikamooni nyie, naona huku watu wa maji wananiandikia, hebu liangalieni hilo" (ndo alivyo, anatuamkia yeye kwanza tukichelewa bili). Akiwa na shughuli, akiwa na msiba, simu ikiwa haina chaji, sisi huku hatujui kitu. Nyumba za kupanga zimejaa mji mzima, nusu ya wanaooga hayo maji siyo wenye mita, na fomu ya kuunganishiwa ina nafasi ya namba moja tu ya simu. Kuongeza kamstari kamoja kwa ajili ya mpangaji ni kazi ya nani jamani.

Karatasi ndo ina vituko zaidi. Inabandikwa getini, imepigwa muhuri, juu imeandikwa kwa herufi kubwa NOTISI YA KUSITISHA HUDUMA, tarehe imejazwa kwa peni. Sasa ile ya kwetu tarehe ya kwenye peni ilikuwa ya wiki iliyopita wakati gundi bado mbichi. Yaani zile siku 7 zilianza kuhesabiwa karatasi ikiwa bado kwenye droo ya mtu ofisini, sisi tumepokea mkia. Nikamuuliza kijana aliyebandika, akaniambia bro mi nabandika tu, tarehe wanajaza kulekule. Na kweli, yeye kapewa bunda la karatasi na bodaboda, utamgombeza nini.

Sasa hilo deni lenyewe. Bili yetu huwa inacheza kwenye elfu 25 hivi, nyumba nzima, tunachangia. Ghafla laki moja na elfu sita. Nikaenda kwenye mita na simu nikapiga picha: 1,316. Mwezi uliopita ilisomwa 1,302, kwahiyo tumetumia uniti 14 kama kawaida yetu. Kwenye bili sasa wameandika 1,361, uniti 59. Msomaji mita kageuza namba mbili za mwisho, basi. Ni kosa la kibinadamu, jua la saa nane, kifuniko cha mita kina matope, mbwa anabweka, namuelewa kabisa. Ila angalia hilo kosa linavyosafiri: kwenye bili haligunduliki, kwenye meseji haligunduliki, kwenye notisi haligunduliki, na hakuna hata mahali pamoja kwenye hizo hatua zote palipoandikwa "kama hukubaliani na usomaji huu fanya hivi". Mashine haijiulizi hii nyumba miaka yote inatumia 13, 14, 15, leo 59 wamefungua kiwanda?

Ofisini, na hapa nataka niwape haki yao, dada wa dirisha la wateja ni mtu safi sana. Kanisalimia, kanipa kiti, kaniuliza "kaka una picha ya mita?", nikamuonesha, akazuumu mwenyewe, akacheka kidogo, akasema wamegeuza hawa, akarekebisha palepale na bili mpya ikatumwa kwa mama mwenye nyumba kabla sijatoka mlangoni. Tukalipa siku ileile. Kama rivyu ingekuwa ya yule dada ningeishia hapa na nyota tano.

Ijumaa mchana wakaja kukata.

Fundi na spana yake na kabegi, mpole, anasalimia vizuri tu. Tukamuonesha risiti. Akaitoa karatasi yake, jina la mama mwenye nyumba lipo, 106,200 ipo, akasema "bosi wangu, mi nafata orodha, orodha imeprintiwa jana asubuhi". Kumbe hiyo ndo siri ya mambo yote. Orodha ya kukata inatolewa mara moja, inakunjwa, inaingia mfukoni, na ikishaingia mfukoni hakuna malipo yanayoifikia. Ukilipa saa tano na orodha ilitoka saa nne, wewe kwa fundi bado ni mdaiwa sugu. Tukapiga simu ya ofisini kwao, inaita mpaka inajikatia, akatusikitikia, akafunga, akatuachia kakaratasi. Na Ijumaa mchana maana yake ni nini kila mtu anajua, ofisi inafungwa, warudishaji wako wikiendi, mpaka Jumatatu. Nyumba ina watoto wadogo na bibi mmoja wa miaka mingi, tukawa tunanunua maji kwa kijana wa mkokoteni, ndoo mia tatu, Jumapili ikawa mia tano kwasababu na yeye ana macho kaona bomba letu limefungwa.

Jumatatu walirudisha mapema na ada ya kurudishia hawakututoza, sawa, asante. Ila hakuna aliyesema samahani, na meseji iliyokuja baada ya hapo inasema "Ndugu mteja, huduma yako imerejeshwa. Lipa bili yako kwa wakati." Nilicheka peke yangu.

Sasa mtu atasema wewe ulitaka nini, waache watu wasilipe? Hapana. Maji yanasukumwa kwa umeme, dawa zinanunuliwa, mabomba yanapasuka, na mdaiwa anayekaa miezi bila kulipa anakula hela za jirani yake anayelipa. Wakate. Ninachotaka ni taarifa ambayo mtu akiisoma anajua cha kufanya, na masikio upande wa pili. Mangi wa dukani kwetu ana daftari tu la kaunta mbili, hana mtambo, ila anajua kudai. Anakwambia jirani una elfu nane na mia tano hapa, mkate wa Jumanne na sukari na vocha, ukikataa anafungua ukurasa mnaangalia wote, mkikuta kakosea anakata mstari hapohapo, na kabla hajakunyima unga anakwambia kabisa kesho sikupi mpaka unipunguzie. Vyote vimo hapo, kiasi, kwa ajili ya nini, lini, na nafasi ya kubisha.

Umeme wenyewe walishalikwepa hili tatizo kwa LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, unanunua unaingiza zile tarakimu 20 unawaka, uniti zikikaribia kuisha mita inalia pi pi pi wewe mwenyewe unajua, hakuna notisi wala spana. Ina yake pia, maana Mei 2021 mfumo wa manunuzi uligoma siku kadhaa na watu wenye hela mkononi wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO, shirika la umeme, wananunua umeme kama enzi hizo, kwahiyo pripeidi siyo pepo. Na ving'amuzi navyo vina ustaarabu wake, kifurushi kikikaribia kuisha unaandikiwa kwenye kioo cha tivii siku kadhaa kabla, anaona kila anayeangalia mpira siyo tu aliyesajiliwa. Hilo la kumfikia anayetumia ndo nalolilia mimi kwenye maji.

Cha kuchekesha ni kwamba wakubwa notisi zao huwa zinasomeka vizuri tu. Mwaka 2017 mwezi wa tatu Magufuli akiwa Mtwara aliwaambia TANESCO wakate wadaiwa wote hata kama ni Ikulu, siku chache baadae shirika likatoa notisi ya siku 14 hadharani na madeni yakiwa yametajwa, likiwemo la shirika la umeme la Zanzibar lililozidi bilioni 120. Dk Shein, rais wa Zanzibar wakati huo, akajibu wakikata basi kule watawasha vibatari. Maneno yalikuwa makali ila tazama, kila mtu alijua nani anadaiwa, shingapi, mwisho lini, Zanzibar wakaanza kupunguza deni na taa hazikuzimwa. Mdaiwa mwenye mdomo anapewa meza ya mazungumzo. Sisi wa uniti 14 tunapewa fundi wa Ijumaa.

Au majirani zetu Nairobi, Februari 2025, Kenya Power, shirika lao la umeme, wakazikatia umeme ofisi za serikali ya kaunti ya Nairobi kwa deni la zaidi ya bilioni 3 za kwao, kaunti nayo ikasema mnatudai huku na sisi tunawadai nyie, lori za taka zikaenda kumwaga uchafu nje ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power! Sisemi mtu akamwage taka kwenye ofisi ya maji, bibi wa nyumbani kwetu alishauri hivyo na tulimkatalia. Nasema tu ugomvi ule ulikuwa na pande mbili zinazosikika, ndo maana ukafika mezani haraka.

Kitu kingine ambacho naona hawakifikirii ni matapeli. Nchi hii kila mtu ameshapata ile "ile hela tuma kwenye namba hii". Sasa meseji ya kutishia kukatiwa maji ndo chambo kizuri kuliko vyote, mtu anaogopa, analipa haraka haangalii jina. Mamlaka ikiandika kila mara kwa jina lake lilelile, ikaweka kontroo namba na jina la mwenye akaunti humohumo, na ikasema wazi kwamba hakuna fundi anayepokea hela mkononi, tapeli anakosa pa kuingilia. Hii yetu mara inakuja kwa jina la mamlaka, mara inakuja kwa namba ya kawaida ya simu ya ofisa wa kanda, utajuaje.

Kwahiyo: maji nyota nne, dada wa dirishani tano, fundi tatu (katekeleza alichopewa na hakutoboa bomba), meseji na karatasi moja na nusu, hiyo nusu ni kwasababu angalau wanatuma, kuna sehemu unashtukia bomba kimya tu.

Kwa ambao mko chini yao, mambo ya kufanya kabla hamjafikiwa. Namba ya simu inabadilishwa ofisini, unaenda na bili ya zamani na mwenye nyumba athibitishe, mama yetu alithibitisha kwa simu wakakubali, sasa meseji inakuja kwangu. Piga picha mita mwisho wa kila mwezi, kioo kikavu, namba zote zionekane. Ukibishia bili andika barua upate nakala yenye muhuri, siyo kuongea tu, maana wakikugomea hatua inayofuata ni EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, na kule wanaanza kukuuliza ulilalamika wapi kwanza. Na ukishalipa baada ya notisi usikae nyumbani na risiti ukijua umemaliza, waambie palepale dirishani wakutoe kwenye orodha ya kukata na usubiri uone wameandika, hasa kama kesho yake ni Ijumaa.