Socket.IO jikoni: miezi minane na skrini ya oda

Nilianza na WebSocket tupu (muunganisho unaobaki wazi kati ya kifaa na seva) nyuma ya Nginx (programu inayopokea maombi na kuyapeleka kwa seva), nikijiona fundi. Mhudumu anabonyeza oda kwenye simu, inatokea kwenye skrini ya jikoni. Siku ya majaribio walinipigia makofi. Wiki ya kwanza ya kazi, saa kumi jioni, mpishi akanipigia: "Kaka, mashine yako imelala. Meza ya saba wanadai chipsi kuku tangu saa tisa na nusu, huku sijaona kitu."

Skrini ilikuwa inawaka vizuri tu, oda za mchana zimejipanga. Kumbe baada ya mchana wateja hupungua, na Nginx isipopokea chochote kutoka kwa seva kwa sekunde 60, hukata muunganisho. Limeandikwa wazi kwenye maelekezo yake. Mimi ndiye sikusoma. Wala sikuwa nimeandika msimbo wa kujiunga upya.

Nikahamia Socket.IO, maktaba ya msimbo ya mawasiliano ya papo hapo, toleo la 4. Seva hutuma pingi (ujumbe mdogo wa kupima kama muunganisho uko hai) kila sekunde 25, kwa hiyo laini haikai kimya mpaka Nginx ichoke, na Wi-Fi ikipotea kisha ikarudi, kifaa hujiunga chenyewe. Kwa hilo pekee naipa nyota nne.

Ya tano niliinyima siku nilipofungua prosesi nne (nakala nne za programu zinazoenda kwa pamoja) ili nitumie kori zote za kichakataji cha seva. Makosa ya 400 (ombi limekataliwa) yakamiminika. Socket.IO huanza na maombi ya kawaida ya HTTP kabla ya kupanda WebSocket; ombi la kwanza likaangukia prosesi hii, la pili ile, nayo haimjui mgeni. Nikaweka ip_hash kwenye Nginx (humpeleka mgeni kwenye prosesi ile ile kila mara kwa kufuata anwani yake ya mtandao), makosa yakaisha, halafu nikajicheka: mgahawa mzima uko Wi-Fi moja, anwani moja, wote wamerundikana prosesi ile ile na tatu zinapiga miayo! Mwishowe nikailazimisha Socket.IO itumie WebSocket tangu mwanzo, na adapta ya Redis (kiungo kinachopitisha ujumbe kwa hifadhi ya data ya Redis) ibebe oda kati ya prosesi. Kusema kweli, kwa simu tisa na skrini moja, prosesi moja ilitosha na kubaki.

Angalia na hili: oda iliyotumwa wakati skrini imekatika haisubiri, labda uwashe kipengele cha kurejesha hali ya muunganisho kilichokuja na toleo la 4.6. Mimi sikukiwasha. Skrini ikishajiunga, inavuta kutoka hifadhidata oda zote ambazo hazijapikwa. Mpishi amenipigia mara moja tu tangu hapo, juzi, kuomba nikuze maandishi. Miwani yake imevunjika.