Jumba la makumbusho la Masada: msipite mbio

Mahujaji wengi tukifika Masada, ngome ya kale juu ya mlima huko Israeli, tunakimbilia kigari cha kebo kupanda mlimani. Ndugu zangu, anzieni chini, kwenye jumba la makumbusho lenye jina la Yigael Yadin, mwanaakiolojia aliyechimba mabaki ya kale hapa 1963 hadi 1965. Mimi niliganda mbele ya vigae, yaani vipande vya vyungu, vyenye majina kwa wino. Vidogo, vya kuenea kiganjani! Kimoja kimeandikwa Ben Yair, jina la kiongozi wa Wayahudi waliozingirwa hapa na Warumi. Yadin alishakuwa mkuu wa majeshi ya Israeli. 1977 chama chake kipya, Dash, kikapata viti 15 bungeni, akawa naibu waziri mkuu. Chama hakikudumu. Kwangu, kazi yake kubwa ni hivi vigae. Kiongozi wa msafara wetu alitupa dakika 20 tu, iliniuma sana. Ninyi ombeni saa nzima.