Viatu vya shule vya fundi: miezi 7 miguuni kwa mtoto anayecheza mpira

Mwanangu yuko darasa la tano na hucheza mpira na viatu vya shule, nimegomba nimechoka. Mwaka jana nilimnunulia viatu vyeusi kutoka China, sh. 18,000. Kabla ya likizo ya Juni "ngozi" ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, kitambaa kinachungulia.

Januari nikampeleka kwa fundi mmoja hapa Morogoro mjini. Alimkanyagisha karatasi, akachora mguu kwa penseli, akasema tufuate baada ya siku 4. Tulifuata mara 3. Ahadi za fundi mnazijua. Bei 40,000, hapungui hata mia.

Ngozi ni ya ng'ombe, nzito, na wiki ya kwanza ilimchubua visigino hadi nikailainisha kwa mafuta ya nazi. Soli imegundishwa, halafu ikashonwa kwa mkono kuzunguka ukingo wote. Leo imelika kidogo upande wa nje, basi. Juu hakuna ufa. Kilichoharibika ni kipimo: kidole gumba tayari kinagusa mbele, kwa hiyo mdogo wake karibu atarithi.

Nilipolalamikia bei, fundi alikigeuza kiatu akaanza kunionyesha. Soli, gundi, uzi, hata vile vipete vya kupitishia kamba, vyote kanunua Kariakoo na vyote vimetoka China. Ngozi tu ndiyo ya hapa nchini, ya Himo kule Kilimanjaro. "Mama, mimi nakuuzia ngozi na mikono yangu." Wateja wake wenye hela, anasema, hawakimbilii hata viatu vipya vya dukani, wanakwenda kuchambua mitumba ya ngozi.

Baba yangu alifanya kazi Kiwanda cha Viatu Morogoro, kile cha mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziende Ulaya. Hakikufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake, kikafungwa 1990. Mtu akimwambia Mchina ndiye aliyeua viatu vyetu, mzee huguna tu.

Nitarudi kwa fundi. Ukienda, agiza Novemba, Januari hashikiki. Toa nusu ya pesa kwanza. Na msimamie aache nafasi ya kidole kimoja mbele, maana yeye hupima mguu wa leo.